Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuishi imani nyumbani na kanisani, hapa hapa Dar

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja wa Kilutheri huku Kimara, ni mke na mama wa watoto watatu, na haya ndo maswali naulizwa karibu kila wiki, mengine getini baada ya ibada, mengine kwenye jumuiya, mengine meseji inaingia saa 5 usiku. Nimeyaweka pamoja kwa sababu ukiyachimba karibu yote yanagusa kitu kimoja: hawa ninaolala nao nyumba moja wanauona wokovu wangu, au wanausikia tu nikiwa nimeshika maiki? Mimi naanzia hapo kila mara, kwa hiyo unaweza kuniuliza kuhusu sadaka ukashangaa nimekujibu kuhusu mama yako mzazi.

Tunatoka nyumbani saa 11 alfajiri tunarudi saa 2 usiku, ibada ya nyumbani tuifanye saa ngapi?

Ifanye ndogo kwanza, halafu utaipatia saa. Wengi wanashindwa kwa sababu wanataka kuhamishia ibada ya Jumapili sebuleni, nyimbo tatu, mahubiri, maombi marefu, baba anahubiri nusu saa na watoto wanasinzia, wiki ya pili imekufa. Sisi tumeiweka mezani tukishamaliza kula, kabla vyombo havijatolewa, maana nimejifunza kwamba sahani zikiondoka tu na watu wameondoka. Mtoto mmoja anasoma mistari kama kumi, mwingine anataja kitu kimoja anachomshukuru Mungu siku hiyo, mmoja wetu anaomba, basi. Dakika kumi. Tulianza na Injili ya Marko kwa sababu ndo fupi kuliko zote nne, sura 16 tu, na kwa mwendo huo tuliimaliza kwa miezi miwili na kidogo hata na siku tulizoruka.

Kuna Jumatano moja luku iliisha katikati ya kusoma, giza likaingia, mimi nikasema basi tutaendelea kesho, mwanangu wa mwisho akawasha tochi ya simu ya baba yake akaendelea kusoma palepale alipoishia na kidole kwenye mstari asije akapotea. Alikuwa darasa la tatu. Toka siku hiyo sijawahi tena kusema watoto hawapendi.

Na kama jioni haiwezekani kabisa, Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuzungumza na watoto ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiondoka. Kutembea njiani ni pamoja na kusubiri mwendokasi. Dada mmoja kwetu anaomba na mwanawe kila asubuhi wakiteremka kuelekea kituoni, dakika saba, mkono kwa mkono, na yule mtoto sasa anajua kuomba kuliko watoto wengi wa wazee wa kanisa.

Dada wa kazi naye ashiriki, au hiyo ni ya familia?

Hili naomba nilijibu kwa urefu kwa sababu lilinipata mimi.

Tulikuwa tunasali jioni zote hizo nilizosimulia na dada yetu yuko jikoni. Hakuna aliyemkataza, ila hakuna aliyemwita pia. Yeye alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, karibu na mlango wa jikoni, anasubiri tumalize aje atoe vyombo. Siku moja binti yangu wa kati akauliza, "Mama, kwani dada yeye hasali?" Mume wangu akaniangalia, mimi nikaangalia meza. Yule binti alikuwa na miezi minane kwangu, ametoka mbali, ana miaka 19, na mimi Jumapili nilikuwa nasimama mbele ya kanisa nasoma somo la upendo wakati yeye kabaki nyumbani anafua. Nilimwita palepale akaja akakaa kwenye kiti, na siku ya pili ilipofika zamu ya kushukuru akasema anashukuru mama yake huko kijijini amepona jicho. Sikujua kama mama yake alikuwa anaumwa. Miezi minane!

Kwa hiyo ndiyo, ashiriki, ila kumkalisha mezani ni hatua ya kwanza tu. Mshahara wake ufike tarehe mliyokubaliana, usimkate kwa sababu glasi imevunjika. Ale chakula kilekile mnachokula nyinyi. Apumzike, na sheria ya ajira ya 2004 yenyewe inasema mfanyakazi apate angalau masaa 24 mfululizo ya kupumzika kila wiki, sasa mtu wa Mungu asizidiwe na sheria. Na kama ni Muislamu usimburute kwenye sala yenu, muulize, mpe nafasi ya swala zake. Nikitaka kujua mtu ameokoka vipi siku hizi simsikilizi akiomba, namuangalia dada wake.

Mume wangu hataki kabisa kwenda kanisani. Nifanyeje?

Mtume Petro kwenye waraka wake wa kwanza, sura ya 3 mwanzoni, anaongea na wake wenye waume wa namna hiyo na anasema wavutwe pasipo neno, yaani kwa mwenendo. Pasipo neno! Wakati sisi tunatumia maneno yote tuliyonayo, tunamtumia mahubiri ya dakika arobaini kwenye simu, tunaomba kwa sauti "Ee Bwana mguse baba huyu" naye yuko chumba cha pili anasikia kila kitu. Acha. Jumapili usimuachie nyumba chafu na watoto wenye njaa ukaenda kuimba, na ukirudi usirudi umenuna. Mwambie siku moja, kwa upole, kwamba ungependa mwende pamoja, halafu nyamaza na uendelee kumuombea ukiwa peke yako. Wengine huwa kanisa liliwaumiza huko nyuma na hakuna aliyewahi kuwauliza. Muulize.

Tumegombana Jumamosi usiku, asubuhi tunavaa tunakwenda ibadani kama hakuna kilichotokea. Ni unafiki?

Mathayo 5:23 na 24 panasema kama uko madhabahuni na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka hapo, ukapatane kwanza. Na ndugu yako wa karibu kuliko wote ni huyo mliyelala mmegeuziana migongo. Sisi mara moja tulikaa kwenye gari nje ya kanisa mpaka wimbo wa pili ukaisha, watoto tumewatanguliza sunday school, tunaongea. Hatukumaliza kila kitu. Ila nilisema "nilikosea nilivyokujibu mbele ya mdogo wako" naye akasema la kwake, tukaingia tumechelewa na mashemasi wakatutazama, na sijutii kuchelewa kule.

Kitu kimoja tu: msameheane kwa kutaja kosa. "Nisamehe kama nimekukwaza" hiyo bado hujasema kitu.

Mume wangu ananipiga, mchungaji kaniambia nivumilie niombe. Nivumilie mpaka lini?

Usivumilie kupigwa. Naandika hivi nikiwa mzee wa kanisa na sina mashaka nalo. Efeso 5:25 inamtaka mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake, na Kristo hajawahi kulipiga Kanisa. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila zinasema vingine.

Kama uko hatarini leo toka kwanza, nenda kwa mtu unayemwamini, nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Kama ni mtoto anaumizwa, piga 116, ni bure. Kuomba utaomba ukiwa salama. Mambo ya kusuluhisha yapo na yana sehemu yake, sheria hiyohiyo inataka ugomvi wa ndoa upitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani kudai talaka, na makanisa mengi yana mabaraza hayo, lakini usuluhishi ni wa watu wawili wanaoweza kukaa meza moja bila mmoja kuogopa kipigo wakifika nyumbani. Na nyinyi wazee wenzangu mnaosoma, mama akija na jicho limevimba msianze kumuuliza amemjibu nini mumewe.

Nimeahidi hela ya ujenzi wa kanisa, na ada ya mtoto haijaisha kulipwa. Nianze na ipi?

Anza na ada, halafu nenda kamwambie mhazini ukweli. Najua kuna watakaonikasirikia. Someni Marko 7 kuanzia mstari wa 9, Yesu anawakemea watu waliokuwa wanasema hela iliyopasa kumtunza baba na mama ni korbani, yaani imeshatolewa kwa Mungu, kwa hiyo wazazi wasubiri. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Na Paulo kwenye 1 Timotheo 5:8 anasema asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Maneno mazito haya.

Sisemi usitoe. Mimi natoa fungu la kumi na nimeona mkono wa Mungu, na kanisa halijengwi kwa hewa, cementi inanunuliwa. Tatizo letu hapa mjini ni presha. Ibada ya mavuno, mnada baada ya ibada, mkungu wa ndizi unapanda bei watu wanapiga makofi, mkono wako unajikuta uko juu, Jumatatu unaanza kuomba mkopo kwenye simu. Ile furaha ya mnada naipenda kweli, yai moja lililoletwa na bibi linanunuliwa kwa hela nyingi na bibi anacheza, lakini 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Kusudia nyumbani basi, ukiwa na mwenzako, bei ya unga mkiwa mnaijua, kodi mkiwa mnaijua. Mkishaandika kiasi mkija kanisani hamtetereki. Na ahadi ukishindwa kuitimiza mtu wa kumwambia yupo, usikimbie ibada miezi sita kwa ajili ya bahasha.

Mama yako kule nyumbani kwenu naye umemuweka kwenye hesabu? Elfu ishirini ya kila mwezi inayofika bila yeye kuomba ni ibada pia.

Tunaishi pamoja miaka minne, watoto wawili, hatujafunga ndoa kwa sababu hela ya sherehe haijatimia. Tufanyeje?

Fungeni ndoa, sherehe isubiri au isiwepo. Hiki kitu kinaniuma, nimeona watu wanaishi wametengwa na meza ya Bwana miaka na miaka, hawashiriki, na sababu ni ukumbi na gari la maharusi. Ndoa yenyewe inataka nini? Mnaenda kwa mchungaji, mnapata mafundisho, mnatangazwa kanisani, sheria inataka taarifa ya siku 21 kabla, mnakuja na mashahidi, mnavalishana pete, mnasaini. Kuna wenzenu walifunga kwetu ibada ya kwanza asubuhi pamoja na washarika wote, bi harusi gauni la kitenge, baada ya hapo chai na maandazi nyuma ya kanisa, saa 5 wako nyumbani. Watoto wao wawili ndo walibeba pete.

Kuna kanuni kwenye Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, kwamba mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume, mahakama inaweza kuchukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Inawasaidia sana akina mama wakifukuzwa mikono mitupu, ila isikupe usingizi, haisimami badala ya nadhiri mbele za Mungu. Kuhusu mahari iliyobaki, wazee wengi ukiwaendea kwa heshima na mshenga mzuri wanakubali imaliziwe baadaye, wao wenyewe wanataka mabinti zao wawe na ndoa.

Nusu ya ukoo wangu ni Waislamu. Idi naenda? Msiba naenda? Futari nakula?

Nenda, nenda, kula. Dar hii nani hana shangazi Muislamu? Warumi 12:18 inataka kwa upande wetu tukae kwa amani na watu wote. Kwenye msiba wa mjomba wangu pale Magomeni nilikaa chini kwenye mkeka na wamama, nikajifunika, nikamenya vitunguu mpaka macho yakanitoka machozi yasiyo ya msiba, wakati wa dua nikanyamaza kwa heshima na nikaomba kimoyomoyo kwa jina la Yesu. Na Krismasi wao wanakuja kwangu, mnyama nampa jirani yangu Muislamu achinje ili wote wale bila wasiwasi. Wakikuuliza imani yako jibu bila kuficha. Wasipouliza, menya vitunguu.

Mtoto anaumwa, ndugu wanasema tumpeleke kwa nabii kwanza kabla ya hospitali.

Hospitali, na maombi njiani. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na sisi tunafanya, ukipiga simu tunakuja hadi wodini. Haijasema aache dawa. Luka mwenyewe aliyeandika Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

Mtu akikuuzia mafuta, akikuuzia maji, akikwambia usimeze dozi ya sukari au ya presha au ARV ili imani ifanye kazi, kimbia. Tukumbuke Februari 2020 pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na wengi wao walikuwa watu waliotafuta msaada wa kweli kwa shida za kweli. Siwalaumu wao hata kidogo. Nalilaumu kanisa, sisi, ambao mtu anaumwa wiki tatu mtaa wa pili hakuna aliyekwenda kumuona, akija wa kumshika mkono tunashangaa kwanini amemfuata.

Jumatatu kwaya, Jumanne maombi, Jumatano akina mama, Alhamisi kamati, Ijumaa mkesha. Ni sawa?

Hapana. Chagua viwili. Niliwahi kuwa na vitano, na mwanangu wa kwanza akaandika insha shuleni kuhusu mama yake, sentensi ya kwanza "Mama yangu anapenda sana kanisa, hurudi usiku." Mwalimu alimpa alama nzuri. Mimi niliikunja nikaiweka kwenye Biblia na mwezi ule nikamuandikia mwenyekiti wa kamati barua ya kujiuzulu.

Kijana wangu wa miaka 17 amekataa kanisa. Nimlazimishe?

Alishapata kipaimara, anajua anachokataa, kwa hiyo usimchukulie kama mtoto wa sunday school. Msikilize mpaka mwisho bila kumkata. Mara nyingi wanachokataa ni sisi, kelele za nyumbani, hasira, kufananishwa na watoto wa watu, na Efeso 6:4 inatukataza kuwachokoza. Utaratibu wa nyumba ubaki, sala ya jioni anakaa mezani na wote, lakini mpe nafasi aulize maswali hata yale yanayokutisha, na kama huna jibu mwambie utamuuliza mchungaji na umuulize kweli. Halafu mtafutie mtu mzima mmoja kanisani asiye mzazi wake anayempenda. Kwa wangu alikuwa fundi sauti. Alimfundisha kuunganisha spika na mikisa, wiki ya nne kijana alikuwa anaamka kabla yangu.

Nimesikia jumuiya inanisema. Niondoke?

Usihame bado. Mathayo 18:15 inaanza na wewe na yeye peke yenu. Haianzi na grupu la WhatsApp wala kurekodi sauti. Mpigie, nenda kwake, mwambie nimesikia hivi, ni kweli? Nusu ya haya mambo yanakufa hapohapo kwenye kikombe cha chai. Ikishindikana chukua mmoja au wawili, baadaye ndo wazee. Na ombi la maombi lisigeuzwe taarifa ya habari, "tumuombee mama fulani, ndoa yake ina shida," ukishataja shida umeshamsema.

Kusoma Biblia kwenye simu ibadani inaruhusiwa?

Kwetu inaruhusiwa. Zima data.

Jumuiya inakuja kwangu Jumamosi na sina hela ya kuwapikia.

Waache waje. Tumeharibu hii kitu kwa kushindana, huyu pilau, yule pilau na kuku, mpaka wenye chumba kimoja wanaomba zamu yao irukwe kila mwaka. Kwenye jumuiya yetu tumekubaliana chai ya rangi na kitu kimoja tu, basi, hata ukiwa na uwezo.

Yalianzia kwa bibi mmoja huku bondeni, mjane, alikuwa anakwepa zamu miaka mingi. Mwaka jana akasema njooni. Tulikuta ameazima mabenchi kwa jirani Muislamu, amefagia uwanja mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na jiko la mkaa limebeba sufuria ya uji wa mtama. Vikombe vilikuwa sita, sisi kumi na wanne. Tukanywa kwa zamu, akisuuza na kumpa anayefuata, huku tunaimba, na alipofika kwa mwenyekiti wetu, meneja wa benki, akamuongezea kidogo akamwambia, "Kunywa baba, umekonda."